Kerneli mbadala ya Android

Kerneli mbadala ni kiini cha mfumo endeshi wa Android kilichorekebishwa nje ya kiwanda ili kuchukua nafasi ya kile kilichokuja na simu. Huunganisha programu na chipu, skrini, kamera na betri. Chimbuko lake ni Linux, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991. Leseni yake, GPL toleo la 2, humtaka anayesambaza kerneli atoe msimbo wake.

Ulinganifu hutegemea modeli kamili ya simu, chipu, toleo la Android na romu (mfumo mzima wa Android) iliyowekwa. Huawei IDEOS, iliyouzwa na Safaricom nchini Kenya mwaka 2011, ilikuja na Android 2.2, hivyo ilihitaji kerneli iliyotengenezwa kwa modeli hiyo.

Simu zilizotoka na Android 12 na kerneli 5.10 hutumia kiini cha pamoja cha Google, GKI. Penye maelezo ya simu katika mipangilio huonekana maandishi kama 5.10.149-android12-9: "5.10" na "android12" sharti zilingane, lakini 149 yaweza kutofautiana.

Kabla ya kubadilisha, butiloda (programu inayoanzisha simu) hufunguliwa, hatua ambayo kwa kawaida hufuta data yote, na nakala ya faili ya boot huhifadhiwa. Kerneli isiyolingana huweza kuifanya simu ijiwashe upya bila kikomo au ikose Wi-Fi. Hapo nakala ya boot hurudishwa kwa zana ya fastboot kutoka kwenye kompyuta.

Kuhusu huduma za pesa, nchini Kenya M-PESA ya menyu ya laini ya simu haihitaji apu. Apu za benki, hata hivyo, huweza kukataa simu iliyofunguliwa butiloda.