Boriti Zilizovuka Bahari

Ukiingia nyumba ya zamani ya mawe pale Lamu, tazama juu. Dari limelala kwenye boriti za mkoko, na upana wa chumba umefuata urefu wa mti: karibu mita 3, basi. Mwenye nyumba awe tajiri namna gani, sebule yake ingerefuka tu, haingepanuka.

Boriti hizo hazikubaki Lamu. Kwa karne nyingi majahazi yalishuka na kaskazi kutoka Oman na Ghuba yakiwa na tende, chumvi na mazulia, kisha yakangoja kusi ili yarudi na shehena ya miti. Kule jangwani miti ya kuezekea ni shida, kwa hivyo watu wa Kuwait na Bahrain walilala chini ya mikoko ya kwetu. Miti iliuzwa kwa korja, yaani 20 kwa 20, na kila unene ulikuwa na jina lake: fito, pau, mazio, boriti, nguzo.

Na wakataji je? Hao walikuwa ndani ya matope, shoka mkononi, mbu kila upande, wakipigana na saa kabla maji hayajajaa. Jahazi tunalijua, nahodha tunamsifu. Mkataji hana hata picha ukutani.

Mwaka wa 1982 serikali ilipiga marufuku kuuza boriti nje ya nchi. Wakati huo Ghuba ilikuwa na mafuta, na mafuta yalileta simiti na chuma.

Lakini shoka halikuwa la Lamu pekee. Kusini, kule Gazi, Kwale, mikoko ilikatwa sana miaka ya 1970 iwe kuni za viwandani, hadi sehemu nyingine za ufuo zikabaki uwanja mtupu. Mwaka wa 1991 watu walianza kuipanda upya. Mwaka wa 2013 ukaja mradi wa Mikoko Pamoja: hekta 117 ambazo mti unauzwa ukiwa umesimama. Kinachouzwa ni hewa ya ukaa ambayo msitu umeihifadhi.

Nilienda Gazi, nikapita ile njia ya mbao inayosimamiwa na akina mama wa kijiji. Chini yako kuna mizizi, kaa na matope meusi. Ukisimama pale unaanza kupiga hesabu: mnunuzi bado yuko ng'ambo, kama zamani. Tofauti ni kwamba pesa zimeleta maji na vitabu vya shule Gazi na Makongeni, na wanakijiji wenyewe hukaa kikao kuamua zitumike wapi. Waliozoea kukata nao wamepandiwa mivinje wapate kuni na miti ya kujengea.

Bei ya hiyo hewa, hata hivyo, haipangwi Gazi. Ukienda, lipa akina mama kiingilio chao, halafu uliza mambo mawili: nani anapanga bei, na nani alikuwa akikata hapa zamani. Wazee wenye jibu la pili bado wapo. Wakiondoka, tutabaki na jahazi tu.