Kitabu cha Kale Ofisini kwa Paroko



Muulize mzee wako babu yake alizaliwa lini. Aghalabu atakujibu kwamba alizaliwa mwaka wa nzige, ama mwaka wa njaa kubwa. Jibu hilo si baya, kwani ndivyo wazee wetu walivyohesabu miaka. Lakini nzige hawakuja mara moja, wala njaa. Serikali ya kikoloni nayo haikuwa na haja ya kumwandika kila mtoto wa Mwafrika. Basi kwa koo nyingi za Kikristo, karatasi ya kwanza yenye jina la mmoja wao imo katika kitabu cha ubatizo, kabatini mwa paroko.

Vitabu hivi vina asili ya mbali. Mtaguso wa Trento, katika kikao chake cha mwaka 1563, uliwaamuru maparoko wote wa Kanisa Katoliki waandike ubatizo na ndoa. Kitabu cha ibada cha Roma cha mwaka 1614 kikaongeza kipaimara, wafu na hesabu ya familia za parokia. Mapadre wa Roho Mtakatifu walipofungua misheni ya Bagamoyo mwaka 1868, walikuwa na sheria hiyo mkononi.

Na hapo Bagamoyo ndipo mambo yanapokuwa mazito. Wakristo wa kwanza wa misheni hiyo wengi wao walikuwa watumwa waliokombolewa, hasa watoto walionunuliwa katika soko la Unguja kabla Sultani Barghash hajatia saini mkataba wa kulifunga mwaka 1873. Mtoto aliyetoka sokoni hakuwa na mama wala baba wa kusimama naye kwenye kisima cha ubatizo. Alipewa jina la mtakatifu, akapewa msimamizi, na padre akaandika. Waanglikana nao walikuwa na kazi kama hiyo Unguja, na pale Freretown, Mombasa, kuanzia mwaka 1875.

Namna ya kusoma kitabu cha Kikatoliki cha zamani si ngumu, ingawa kimeandikwa Kilatini. *Natus* ni aliyezaliwa, *baptizatus* ni aliyebatizwa. Tarehe hizo mbili usizichanganye. *Patrinus* ni msimamizi. *In periculo mortis* maana yake alibatizwa akiwa katika hatari ya kufa. *Ignoti* maana yake hawajulikani, na neno hili huwekwa mahali pa majina ya wazazi. Kisha tazama pambizoni. Tangu Pasaka ya mwaka 1908, kwa amri ya Papa Pius wa Kumi, mtu akifunga ndoa popote pale, habari hurudishwa kwenye parokia alikobatizwa na kuandikwa kando ya jina lake. Kwa hiyo mstari mmoja waweza kukuonyesha alikobatizwa babu na alikooa.

Lakini kitabu si msahafu. Umri wa mtu mzima ulikisiwa kwa macho. Jina la ukoo liliandikwa na Mfaransa au Mjerumani kama alivyolisikia, hivyo litafute kwa R na kwa L.

Ninamfahamu mzee mmoja ambaye ukoo wake hujivunia kutoka kwa machifu. Alipoelezwa maana ya lile neno *ignoti* kando ya jina la babu yake, alikifunga kitabu na kuondoka bila kuaga. Kesho yake alirudi. Akaomba asomewe jina la msimamizi. Kumbe lilikuwa jina la babu wa nyumba ya jirani, watu ambao tangu utotoni aliwaita wajomba, na hakuna aliyepata kumwambia ujomba huo umetoka wapi. Haukutoka kwenye damu. Ulitoka kwa mtu aliyekubali kumsimamia mtoto asiye na mtu.

Wahenga walisema, mwacha asili ni mtumwa. Methali hii hutumika kumsuta anayejisahau. Lakini wale watoto wa Bagamoyo hawakuiacha asili yao, waliporwa. Aibu ni ya aliyewauza na ya aliyewanunua kuwatumikisha. Mjukuu anayeficha mstari ule anaibeba aibu isiyo yake, na kumfuta mara ya pili mtu ambaye jina lake limebaki mahali pamoja tu hapa duniani.

Ukitaka kutafuta, anza na wazee wako kabla ya kitabu. Uliza parokia mama ilikuwa ipi wakati huo, maana parokia ikizaa nyingine, vitabu vya zamani hubaki kwa mama. Nenda siku ya kazi, si Jumapili baada ya misa, ukiwa na jina la ubatizo na mwaka wa kukisia. Omba kwa adabu. Mle mna siri za watu wengine pia. Na ukikuta karatasi zimeanza kuliwa na mchwa, usiishie kusikitika. Changia kabati la chuma. Vitabu vingine vimekwisha kupotea kwa unyevu na kwa vita. Misheni ya Peramiho, kwa mfano, ilichomwa moto wakati wa Maji Maji mwaka 1905.

Wazee wanaondoka, na wino unafifia. Anayetaka kuuliza, aulize sasa.

Hadi juma lijalo, kwaherini.