Kirkintilloch: Mji wa Bara Ulioshua Meli

Kirkintilloch hakuna bahari. Mji huu uko bara, kaskazini-mashariki ya Glasgow, na maji yake makubwa ni ya mfereji uliochimbwa kwa mikono. Lakini hapo ndipo zilipoundwa, kwa zaidi ya miaka sabini, meli nyingi ndogo za mvuke zilizolisha visiwa vya magharibi ya Scotland. Zilikuwa fupi na nene, zina mlingoti mmoja mbele, dohani nyuma, na ngama pana katikati. Waskoti waliziita puffer, kwa jinsi zilivyokuwa zikitoa pumzi.

Mfereji wenyewe ni wa Forth and Clyde, kilomita 56 kutoka pwani ya mashariki hadi ya magharibi. Ulianza kuchimbwa 1768, ukafika Kirkintilloch 1773, na wote ukakamilika 1790. Kwa kuwa nchi ina miinuko, chombo hupandishwa na kushushwa kwa vyumba 39 vya maji, kila kimoja kina lango mbele na nyuma. Chombo chenye urefu wa zaidi ya futi 66, yaani mita 20 hivi, hakikuweza kupita. Basi wenye meli wakajaza nafasi hiyo yote waliyopewa: omo butu, tezi butu, ubavu uliosimama wima, kwa sababu chombo kingechongwa mbele kama mashua ya mashindano, mzigo ungepungua. Ukitafuta aliyezichora puffer, ni lile lango.

Mvuke ulijaribiwa mapema sana kwenye maji haya. Mwaka 1803 chombo cha William Symington, Charlotte Dundas, kilivuta majahazi mawili yenye shehena ya tani 70 kila moja kuelekea Glasgow, huku upepo ukivuma kwa mbele. Wenye mfereji waliogopa mawimbi yake yangekula kingo, wakakataa kuendelea. Nusu karne ikapita kabla ya mashua ya chuma iitwayo Thomas kutiwa injini mwaka 1856, na biashara ikaonekana. Kwenye mfereji maji baridi hayaishi, kwa hiyo injini za mwanzo hazikuwa na chombo cha kurudisha mvuke kuwa maji: uliotumika ulitupwa juu kupitia dohani, pumzi moja kwa kila mpigo. Zilipoanza kwenda baharini ikabidi maji yatunzwe, mvuke ukarudishwa, na sauti ile ikanyamaza. Jina likabaki.

Karakana iliyojulikana zaidi mjini ilikuwa ya J. & J. Hay, walioingia hapo 1867. Hawa walikuwa waundaji na wenye meli kwa pamoja, na walipenda kuzipa meli zao majina ya watu na makabila: Spartan, Boer, Lascar, Anzac. Mfereji ulikuwa mwembamba mno kwa meli kushuliwa kwa tezi, kwa hiyo zilishuliwa ubavu. Meli nzima ilianguka majini kwa kishindo, na wimbi likavuka kuwalowesha watazamaji waliosimama ng'ambo.

Kazi yenyewe ilianzia pale mfereji ulipoishia. Visiwa vingi havikuwa na gati, na puffer haikuhitaji gati. Nahodha aliipandisha ufukweni maji yakiwa yamejaa. Yakishakupwa, meli ilikaa mchangani kwa tumbo lake bapa, na mikokoteni ya farasi ikaja hadi ubavuni. Msomaji wa Lamu au Pangani aliyeona jahazi likipakuliwa namna hii hahitaji maelezo zaidi, isipokuwa kwamba hapa winchi ya mvuke ndiyo iliyonyanyua. Chini ngamani makaa ya mawe yalijazwa kwa sepetu, na mabaharia watatu au wanne walipaswa kumaliza kabla maji hayajarudi. Walileta makaa, saruji, matofali na shayiri ya viwanda vya wiski vya Islay, wakaondoka na mapipa ya wiski. Hapa nacheka kidogo: Kirkintilloch yenyewe ilipiga marufuku uuzaji wa pombe kwenye mabaa kuanzia miaka ya 1920 hadi ile ya 1960.

Bandari mojawapo ya njia hizo ni Campbeltown, alikozaliwa mwaka 1823 William Mackinnon, mwanzilishi wa kampuni ya Imperial British East Africa. Meli yenye jina lake, iliyoshuliwa Ziwa Victoria mwaka 1900 baada ya kubebwa vipande vipande, iliundwa Paisley, si mbali na mto Clyde.

Wengi leo wanazijua puffer kwa hadithi za Neil Munro kuhusu nahodha Para Handy na meli yake Vital Spark, zilizoanza gazetini Glasgow mwaka 1905. Filamu The Maggie ya 1954 ikaongezea sifa. Hadithi hizo ndizo zilizolinda jina, lakini zimewazoesha watu kuzichekea meli ambazo kukosekana kwake kuliacha kisiwa bila moto majira ya baridi.

Vita vya Pili vya Dunia vikaja na jambo la ajabu. Serikali ya Uingereza ilihitaji vyombo vya kuhudumia manowari bandarini, ikachukua ramani za meli za Hay na kuagiza vyombo karibu mia moja, vikiitwa VIC. Makaa yalipatikana nchini, mafuta yalitoka ng'ambo, hivyo mvuke ukaendelea. Vingi viliundwa England, si Scotland. Ndiyo maana VIC 32, iliyosalia na mvuke wake na kupendwa kuliko zote, iliundwa Thorne, Yorkshire, mwaka 1943.

Hay walishua meli yao ya mwisho, Chindit, mwaka 1945. Malori na feri za kubeba magari zikachukua mizigo, na mfereji ukafungwa 1963. Ulifunguliwa tena 2001, wakati biashara ya puffer imekwisha.

Spartan, iliyoundwa Kirkintilloch mwaka 1942, iko kwenye jumba la makumbusho la bahari huko Irvine, lakini injini yake ya mvuke iliondolewa zamani ikawekwa ya dizeli. VIC 32 ilinunuliwa na mume na mke mwaka 1975, ikakarabatiwa, na kwa miongo kadhaa abiria wamelipa kusafiri nayo, wengine wakitia makaa wenyewe. Boila inapochakaa, gharama yake ni kubwa kuliko kupaka rangi meli kumi. Hata hivyo ningepewa fungu moja la fedha, ningelipeleka kwenye boila, maana mtu anayejua kulea moto wa makaa hapatikani kwenye meli iliyozimwa.