SODA ZA ZERO: ZILIANZIA HOSPITALI, ZIKAISHIA KWENYE MBIO ZA KUPUNGUZA TUMBO

Leo tuweke pembeni habari za nani kaachana na nani. Nataka tuongelee kitu ambacho wengi wetu tunakishika mkononi bila kujua kimetoka wapi: soda ya zero, ile isiyo na sukari.

Stori yenyewe inaanza na watu wawili, majina yao nayaweka kapuni. Wa kwanza ni dada mmoja wa mjini, sura yake mmeiona kwenye video kadhaa za Bongo Fleva. Nilimkuta jioni moja ana sahani ya chips mayai, mishikaki minne, na zero mbili za baridi pembeni. Nikamtania, akanijibu bila wasiwasi, "Mwenzio napunguza mwili, huoni soda ninayokunywa?" Nikacheka, nikapita zangu.

Wa pili sikumcheka. Ni mama mdogo wangu, ana kisukari miaka mingi sasa. Mwaka 2023 alisikia redioni kwamba Shirika la Afya Duniani limesema hizi soda za zero hazifai. Akaziacha. Siku nimeenda kumsalimia nakuta ana chupa ya soda ya kawaida, yenye sukari kabisa! Nikamwambia, "Mama mdogo, si ulikatazwa sukari?" Akanijibu, "Mwanangu, wakubwa wa dunia wamesema zero ndo mbaya. Bora nirudie hii niliyoizoea tangu usichana."

Nilirudi nyumbani roho haijatulia. Ndo nikaanza kuchimba hii historia, na nilichokikuta nimeona nisikae nacho peke yangu.

MKONO USIONAWA

Mwaka 1879, kwenye Chuo Kikuu cha Johns Hopkins mjini Baltimore, Marekani, mkemia mmoja aitwaye Constantin Fahlberg alikuwa anafanya utafiti kwenye vitu vinavyotokana na lami ya makaa ya mawe. Jioni akaenda kula bila kunawa vizuri. Mkate ukawa mtamu ajabu. Akagundua utamu uko kwenye vidole vyake. Akarudi maabara akaanza kuonja vyombo kimoja kimoja mpaka akakipata. Msijaribu hii nyumbani jamani! Kitu hicho ndo sakarini, tamu mara mia kadhaa kuliko sukari, na mwili hauchoti nguvu yoyote humo.

Ugomvi ukaanza mapema. Mwaka 1908 mkuu wa ukaguzi wa vyakula Marekani, Harvey Wiley, alimwambia Rais Theodore Roosevelt kwamba sakarini ina madhara. Rais akawaka, maana daktari wake mwenyewe alikuwa anampa kila siku. Baadaye vikaja vita viwili vya dunia, sukari ikaadimika, na watu wengi wakaizoea sakarini kwa sababu hawakuwa na namna.

ILITENGENEZWA KWA WAGONJWA

Hapa sasa ndo penyewe. Mwaka 1952 huko Brooklyn, New York, mzee mmoja mtengeneza soda, Hyman Kirsch, alikuwa anajihusisha na hospitali ya magonjwa sugu. Aliwaona wagonjwa wa kisukari hawana soda ya kunywa. Yeye na mwanae Morris wakatengeneza soda isiyo na sukari, wakaiita No-Cal. Walitumia kitamutamu kingine, saiklameti, ambacho nacho kiligunduliwa kwa bahati mwaka 1937.

Yaani wadau, soda hii haikuzaliwa kwa ajili ya kiuno. Ilizaliwa kwa ajili ya watu kama mama mdogo wangu.

Ila ilipofika madukani, waliokuwa wanaibeba kwa wingi walikuwa watu wazima wa afya waliotaka kupungua. Wafanyabiashara wakanusa pesa. Ikaja Diet Rite, mwaka 1963 Coca-Cola wakatoa Tab, mwaka uliofuata Pepsi wakaja na Diet Pepsi. Matangazo yakajaa wanawake wenye viuno vyembamba, na mgonjwa wa Brooklyn akasahaulika.

Halafu hofu ikaingia. Mwaka 1969 serikali ya Marekani ikatangaza kuipiga marufuku saiklameti baada ya panya wa maabara kupata uvimbe kwenye kibofu cha mkojo. Mwaka 1977 ikataka kuifuta na sakarini. Wananchi wakaja juu, Bunge likazuia katazo, likaamuru tu yawekwe maandishi ya onyo kwenye pakiti. Onyo hilo lilikuja kuondolewa mwaka 2000, baada ya kuonekana kwamba yale yaliyowapata panya hayawahusu binadamu. Katikati hapo, mwaka 1982 ikaingia Diet Coke, na mwaka uliofuata aspatemu ikaruhusiwa kwenye soda.

SASA INAPUNGUZA AU INANENEPESHA?

Kuna watu wanasema hivi: Wamarekani wamekunywa zero miaka yote hiyo, mbona wamezidi kunenepa? Ni kweli wamenenepa. Lakini ukikuta watu wengi wameshika miamvuli, usiseme miamvuli ndo imeleta mvua. Mtu aliyeanza kunenepa ndo anakimbilia zero.

Ili kujua ukweli lazima uwagawe watu makundi kwa bahati nasibu, kisha uwafuatilie. Huko Uholanzi walichukua watoto 641, nusu wakapewa kopo moja la kinywaji chenye sukari kila siku, nusu lisilo na sukari, ladha ileile. Matokeo yakatoka mwaka 2012: baada ya miezi 18, wa sukari walikuwa wameongezeka karibu kilo moja zaidi ya wenzao. Kwa hiyo ukiitoa sukari ukaweka zero, kuna faida.

Je, zero dhidi ya maji? Hapa mambo yanagongana. Utafiti mmoja wa Marekani wa mwaka mzima uliona waliokunywa zero wamepungua kama kilo 6, waliokunywa maji kilo 2 na nusu. Ila aliyelipia utafiti huo ni chama cha watengeneza soda wenyewe! Na huko Iran, wanawake waliokuwa kwenye mpango wa kupungua, walioacha zero wakanywa maji walipungua zaidi ya walioendelea nazo.

Mimi nilivyoelewa ni hivi. Swali la kujiuliza ni zero imechukua nafasi ya nini. Soda ya kawaida ya kola ya mililita 350 ina sukari kama gramu 37, vijiko 9 vya chai, karibu kalori 150. Ukiitoa hiyo, umejiokoa. Ila ukiinywa zero kama ruhusa ya kuongeza chips mayai, umerudisha kila ulichookoa, na nyongeza juu yake. Soda haina kosa hapo, wala haina msaada.

WALICHOSEMA 2023

Turudi kwenye ile habari ya redioni. Mwezi wa tano 2023 Shirika la Afya Duniani lilishauri watu wasitegemee vitamutamu hivi kudhibiti uzito, kwa sababu faida ya muda mrefu haikuonekana. Lakini ushauri huo wenyewe unasema hauwahusu watu ambao tayari wana kisukari. Hicho kipande hakikumfikia mama mdogo. Na hakuna popote waliposema mrudi kwenye sukari!

Mwezi wa saba mwaka huohuo aspatemu ikawekwa kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani, ushahidi ukiwa hafifu. Siku hiyohiyo kamati nyingine ikaacha kiwango salama palepale: miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito wako kwa siku. Kwa mtu wa kilo 70, ni mpaka apitishe makopo tisa hivi au zaidi kila siku.

Nilimrudia mama mdogo, nikakaa naye nikamweleza yote haya taratibu. Hakuniamini mimi, na alifanya vizuri, maana mimi sio daktari. Akaenda kuuliza kliniki anakohudhuria. Wakamwambia maji kwanza, zero mara mojamoja akitamani, soda ya sukari aiache. Siku hizi kwenye friji lake kuna jagi la maji yenye vipande vya ndimu, na mimi nikienda naambiwa, "Kunywa hayo, soda hapa hamna."

Yule dada wa video bado sijamwambia kitu. Najua huwa anapita humu, basi dada yangu, ujumbe umeupata: shida haikuwa kwenye kopo, ilikuwa kwenye sahani.

Na wewe mdau, kama una mzazi mwenye kisukari, leo mpigie umuulize anakunywa nini. Ukishajua, tupia maoni yako hapo chini tuendelee kuelimishana.