Nguo za Mtoto Mchanga Mkoani Mtwara: Yanayohitajika Kabla ya Siku ya Kujifungua

Joto la pwani ya Mtwara huwafanya wazazi wengi waamini kuwa mtoto anayezaliwa huko hana sababu ya kuhofia baridi. Kati ya Novemba na Machi joto la mchana katika Manispaa ya Mtwara Mikindani hufikia nyuzijoto 30 na kuzidi, na katika vijiji vya karibu na maingilio ya Mto Ruvuma, kama vile Msimbati, Kilambo na Mahurunga, mtu mzima hutafuta kivuli mapema asubuhi. Mtoto anayezaliwa ana hali tofauti. Ametoka katika mwili wa mama wenye takribani nyuzijoto 37, na anatoka akiwa ameloa. Shirika la Afya Duniani linaeleza kuwa mtoto asiyekaushwa wala kufunikwa anaweza kupoteza nyuzijoto 2 hadi 4 ndani ya dakika 10 hadi 20 za mwanzo. Chumba kinachomtoa mkunga jasho kinaweza bado kuwa baridi kwa mtoto huyo, hasa dirisha likiwa wazi au feni ikizunguka.

Joto la kawaida la mwili wa mtoto mchanga ni kati ya nyuzijoto 36.5 na 37.5. Likishuka chini ya hapo mtoto hutumia nguvu zake chache kujipasha joto, sukari mwilini hupungua, hulegea, na hatimaye hushindwa kunyonya. Utafiti wa Demografia na Afya Tanzania wa mwaka 2022 ulionesha kuwa katika kila vizazi hai 1,000 nchini, watoto 24 hufariki kabla ya kutimiza mwezi mmoja. Sababu kubwa za vifo hivyo ni kuzaliwa kabla ya wakati, kukosa hewa wakati wa kuzaliwa na maambukizi, na ubaridi huifanya kila moja ya hali hizo kuwa mbaya zaidi. Ndiyo maana suala la nguo za mtoto huzungumzwa kliniki, halikuachwa liwe la dukani tu.

Nguo ya kwanza ya mtoto wa pwani ni kanga, na hakuna vazi la dukani lililoweza kuchukua nafasi yake. Doti mbili hutoa vipande vinne: kimoja cha kumpokelea na kumkausha, cha pili cha kumfunika baada ya kile kilicholoa kuondolewa, cha tatu cha kumtandikia na cha nne cha akiba. Kosa linalotokea mara kwa mara ni kufika na kanga mpya iliyotoka moja kwa moja kwenye karatasi ya duka. Kanga mpya ina wanga wa kiwandani unaoifanya iwe ngumu, na haifyonzi maji; ikitumika kumkausha mtoto husambaza unyevu badala ya kuuondoa. Kanga ifuliwe angalau mara mbili na kusuuzwa vizuri kabla ya siku yenyewe. Kanga kuukuu ya mama au bibi, iliyolainika na kuwa safi, inafaa zaidi kwa kazi hiyo kuliko mpya ya bei kubwa.

Katika baadhi ya familia si jambo la kawaida kununua nguo za mtoto kabla hajazaliwa, kwa kuwa hilo huonekana kama kujihakikishia jambo ambalo bado liko mikononi mwa Mungu. Imani hiyo haina haja ya kubishaniwa. Kanga ni nguo ya mama, na mjamzito anaweza kununua doti zake, kuzifua na kuzihifadhi bila mtu yeyote kuhesabu kuwa ni za mtoto. Mashangazi na mabibi wanalijua hilo, na mara nyingi ndio wanaozileta.

Jambo lingine linalostahili kupangwa mapema ni fedha. Kwa kaya nyingi za mkoa huu kipato kikubwa cha mwaka hutokana na korosho, ambazo minada yake huanza kwa kawaida mwezi Oktoba na kuendelea hadi mwanzoni mwa mwaka unaofuata. Mama atakayejifungua mwezi Julai huwa na ujauzito wa miezi miwili tu mwezi Desemba, na familia nyingi wakati huo hazijaanza kulifikiria suala la nguo. Tumbo linapoonekana, fedha za korosho zimeshalipa ada, mabati na madeni ya dukani. Baba anayefahamu kuwa mkewe ni mjamzito afanye ununuzi wa vitu hivi wakati wa malipo, kwa kuwa kanga, kofia na fulana haziharibiki kwa kukaa.

Zaidi ya kanga, mtoto anahitaji fulana nne hadi sita za pamba zinazofunguka mbele, ili zivalishwe bila kupitishwa kichwani kwa nguvu. Anahitaji kofia mbili, soksi jozi mbili, shali moja jepesi na nepi za kitambaa. Kofia ndiyo inayosahaulika zaidi ingawa ni ndogo kuliko zote. Kichwa cha mtoto mchanga ni sehemu kubwa ya mwili wake, na joto jingi hupotelea hapo akiwa bado na unyevu. Ili kutambua pamba, mnunuzi anaweza kudondosha tone la maji juu ya kitambaa: pamba hulinyonya, lakini kitambaa cha nailoni huliacha likae juu au liteleze. Nguo isiyonyonya jasho haifai kwa Mtwara, hata ikiwa na mapambo ya kuvutia.

Idadi ya nepi hutegemea maji. Katika mtaa wenye bomba, nepi kumi na mbili zinazofuliwa kila siku zinaweza kutosha. Katika uwanda wa juu wa Makonde, upande wa Newala na Tandahimba, ambako shida ya maji ina historia ndefu, ishirini si nyingi. Pwani yenyewe ina tatizo lake: maji ya baadhi ya visima vifupi yana chumvi, na nguo iliyosuuzwa kwa maji hayo hubaki na chumvi inayovuta unyevu wa hewa, hivyo haikauki sawasawa na humwasha mtoto. Pale ambapo maji baridi ni machache, maji ya kisima yatumike kufulia na yale yasiyo na chumvi yatunzwe kwa ajili ya suuzo la mwisho. Sabuni ya mche inatosha. Nepi ifungwe chini ya kitovu ili kitovu kibaki kikavu na kipate hewa, wala kisipakwe kitu chochote ambacho mhudumu wa afya hakukielekeza.

Nepi za kutupa, maarufu kama pampasi, zina manufaa safarini na usiku, lakini hazistahili kuingizwa katika orodha ya mahitaji ya lazima. Anayezitumia azitupe panapostahili. Zikiachwa kwenye mikoko au ufukweni huishia ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, eneo lililotengwa tangu mwaka 2000 ambalo kasa hulitegemea kwa malisho na kutagia mayai.

Nguo nyingi za watoto zinazouzwa minadani ni mitumba, na hakuna ubaya katika hilo iwapo zinachaguliwa na kutayarishwa ipasavyo. Wananchi wakumbuke kuwa nguo za ndani zilizotumika zimepigwa marufuku na Shirika la Viwango Tanzania. Nguo nyingine za mtumba zilowekwe, zifuliwe kwa sabuni na maji ya moto na zipigwe pasi. Vifungo vilivyolegea vikatwe au vishonwe upya. Soksi zigeuzwe ndani nje, kwa kuwa uzi uliofumuka unaweza kuzunguka kidole cha mtoto na kuzuia damu bila mtu kujua chanzo cha kilio chake.

Hatari kubwa zaidi iko kwenye sanduku la nyumbani. Nguo za mtoto wa kwanza huhifadhiwa kwa ajili ya wadogo zake, na wengi huweka kati yake vile vidonge vyeupe vyenye harufu kali vya kufukuza mende na nondo. Vidonge hivyo mara nyingi hutengenezwa kwa naftalini. Mvuke wake huingia kwenye nyuzi za nguo, na mtoto aliyevikwa nguo hizo huuvuta kwa pumzi na kuupokea kupitia ngozi. Kwa watoto waliozaliwa na upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, kinacholinda chembe nyekundu za damu, naftalini huweza kusababisha chembe hizo kupasuka. Mtoto huishiwa damu na kupata manjano, na manjano makali yasiyotibiwa huweza kudhuru ubongo kwa maisha yake yote. Upungufu huo hurithiwa katika familia na hupatikana zaidi kwa watu wa maeneo ambayo malaria imekuwapo kwa vizazi vingi, ukanda wa pwani ya Afrika Mashariki ukiwamo. Mzazi hawezi kuutambua kwa kumtazama mtoto. Kwa sababu hiyo vidonge hivyo visiwekwe kabisa kwenye nguo za watoto. Nguo zilizowahi kuhifadhiwa navyo zifuliwe na kuanikwa juani siku kadhaa hadi harufu iishe, na zile ambazo harufu haitoki zisitumiwe kwa mtoto mchanga. Ndoo safi yenye mfuniko inatosha kuzuia mende, na huzuia pia maji ya mvua pale paa linapovuja wakati wa masika.

Kuanika nako kuna utaratibu wake. Yupo inzi anayetaga mayai kwenye mchanga na kwenye nguo zenye unyevu zilizoanikwa kivulini au kutandazwa chini. Mayai yakianguliwa, funza wake hupenya ngozi na kufanya uvimbe unaofanana na jipu. Nguo za mtoto zianikwe juu ya kamba kwenye jua kali, zikauke kabisa, kisha zipigwe pasi pande zote mbili, hususan kwenye mishono na mapindo. Pasi ya mkaa hufanya kazi hiyo sawa na ya umeme.

Baada ya saa za mwanzo, kosa hugeuka upande wa pili. Mtoto wa wiki mbili huonekana adhuhuri ya Januari akiwa na sweta, kofia ya sufu na blanketi zito, kwa kuwa wageni wanapita kumwona. Kanuni inayotumika ni kumvisha mtoto nguo moja au mbili zaidi ya zile ambazo mtu mzima angehitaji mahali hapo. Mchana wa kaskazi hiyo ni fulana, nepi na kanga moja nyepesi. Usiku wa Julai, kusi ikivuma na joto likikaribia nyuzijoto 20, mikono mirefu, soksi, kofia na shali vinahitajika. Mama aguse miguu na tumbo la mtoto kwa mkono mkavu. Miguu ikiwa ya baridi wakati tumbo lina joto, mtoto ameanza kupoa na aongezewe nguo au alazwe kifuani mwa mama. Akiwa na jasho kisogoni na vipele shingoni, apunguzwe nguo.

Kamba za kofia na nyuzi zinazofungwa shingoni ziondolewe wakati wa kulala, iwe ni pambo au ni kinga ya kimila. Familia inayotaka mtoto awe nayo inaweza kuihifadhi mbali na malazi yake. Kanga isifungwe ikanyoosha miguu ya mtoto kwa nguvu, kwa kuwa nyonga zinahitaji nafasi ya kukunjuka na kutanuka. Na kwa kuwa Mtwara ni miongoni mwa mikoa yenye maambukizi makubwa ya malaria, chandarua chenye dawa kinachotolewa kliniki kihesabiwe pamoja na nguo za usiku.

Mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati au akiwa na uzito chini ya gramu 2,500 hahitaji nguo nyingi kuliko wengine. Kwake, vazi kuu ni kifua cha mama. Huvikwa nepi, kofia na soksi, akawekwa ngozi kwa ngozi kati ya matiti na kufungwa kwa kanga, usiku na mchana kadiri inavyowezekana. Njia hiyo, inayoitwa huduma ya mama kangaruu, ilianzia Bogotá nchini Colombia mwishoni mwa miaka ya 1970 kutokana na uhaba wa mashine za kutunzia watoto, na tangu mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani linashauri ianze mara tu baada ya kuzaliwa. Baba au bibi anaweza kumpokea mama anapopumzika.

Kwa safari ya kurudi nyumbani, iwe kwa kivuko cha Msangamkuu au kwa bodaboda kuelekea Msimbati, mtoto avikwe kofia na soksi hata kama jua linawaka, kwa kuwa upepo wa safari humpoza haraka. Kuoga kusubiri hadi saa 24 zipite tangu kuzaliwa. Iwapo mtoto ni wa baridi tumboni na miguuni, hanyonyi, ana manjano, au joto lake limefikia nyuzijoto 37.5 na zaidi, apelekwe katika kituo cha afya kilicho karibu bila kungoja asubuhi. Wasio na usafiri wanaweza kupiga namba 115 ya mfumo wa m-mama, bila malipo, na wakati wakisubiri gari mtoto akae kifuani mwa mama, ngozi kwa ngozi, akiwa amefunikwa kanga kavu.