Sanamu Iliyohamishwa na Jina Lililobaki

Katika majimbo mengi ya Marekani msafiri husoma historia kwenye mabango ya chuma yaliyosimikwa kando ya barabara. Jimbo la Virginia lilianza kazi hiyo mwaka 1927. Kwetu, baina ya Naivasha na Nakuru, historia yaweza kusomwa katika jina la mlima. Karibu na Ziwa Elmenteita pana mlima mithili ya mtu aliyelala chali. Wamaasai humwona humo morani aliyelala. Walowezi waliuita Pua ya Delamere, kwa kumkumbuka Lord Delamere (1870–1931), mwenye shamba la Soysambu.

Sanamu yake ya shaba, yenye urefu wa futi 8, ilisimama Nairobi hadi Uhuru ulipokaribia mwaka 1963. Barabara iliyoitwa kwa jina lake ikawa ya Kenyatta, na sanamu ikahamishiwa Soysambu, ikauelekea mlima huo. Jina la "Pua", hata hivyo, halikung'olewa, kwani lilikuwa vinywani mwa watu.

Hatuna budi, sisi wa idara za lugha, kuyaandika majina yote mawili pamoja na maana zake. Ramani ikichapwa na jina moja tu, la pili litatoweka pamoja na wazee wanaolitamka.