Umeme wa Ruzizi na Giza la Katana

Ziwa Kivu lina mlango mmoja tu wa kutolea maji, ndio mto Ruzizi, unaoanzia Bukavu. Ziwa letu liko juu, meta 1,460 hivi kupita usawa wa bahari, na Ziwa Tanganyika liko chini yake karibu meta 700. Kati ya maziwa haya mawili mto washuka kwa kasi katika mabonde membamba. Maji yaangukayo hivyo ni mali. Basi twataka kueleza jinsi mali hiyo ilivyotumiwa, na kwa nini Katana, mwendo wa kilometa 50 hivi tu kutoka mlango huo, hulala gizani mara nyingi.

Mtambo wa kwanza

Katana haikuwa mahali pa kusahauliwa. Chuo Kikuu cha Louvain, kwa chama chake cha Fomulac, kilijenga hapa hospitali iliyojulikana pande zote za Kivu. Mwaka 1947 Wabelgiji waliunda IRSAC, nyumba ya uchunguzi wa elimu, nayo ikajengwa Lwiro, jirani kabisa nasi.

Lakini mtambo mkubwa wa umeme haukupangwa kwa ajili ya vijiji. Ruzizi I, uliojengwa Mururu karibu na Bukavu, ulianza kazi mwaka 1959, mwaka mmoja kabla ya uhuru. Ulikuwa na mashine mbili. Waya zake zilielekea Bukavu, penye viwanda na nyumba za wakubwa, na Usumbura, ambayo sasa ni Bujumbura. Mwaka 1970 serikali iliunda shirika la umeme la SNEL. Mwaka 1972 mashine mbili nyingine zikaongezwa Mururu, nguvu zote zikawa karibu megawati 28.

Baadaye nchi tatu jirani, Zaire, Rwanda na Burundi, ziliona kwamba mto ni wa wote. Mwaka 1976 zilifanya umoja wa CEPGL, mwaka 1983 zikaunda kampuni ya SINELAC, na mwaka 1989 mtambo wa Ruzizi II ukaanza kazi mbele kidogo chini ya ule wa kwanza. Maji yale yale yaliyokwisha kuzungusha mashine za Ruzizi I huzungusha tena mashine za Ruzizi II, na umeme wake hugawanywa kwa nchi zote tatu.

Waya juu ya vichwa vyetu

Kutoka Ruzizi, njia ya umeme ya volti 70,000 yafuata ukingo wa ziwa kwa upande wa magharibi, yapita Katana, yaendelea mpaka Goma. Mkulima huitazama akauliza: «Waya hupita juu ya migomba yangu, mbona mimi nawasha kibatari?»

Jibu la fundi ni hili. Umeme wa safari ndefu husukumwa kwa volti nyingi ili usipotee njiani. Mtu hawezi kuutia nyumbani vile vile. Utaunguza nyumba na kumwua mwenyewe. Sharti kwanza upite katika transfoma za kupunguza volti, ndipo ufuate nguzo ndogo ndogo mpaka kila mlango. Transfoma moja ni ghali, na nguzo ni nyingi. Mjini, transfoma moja yahudumia nyumba mia zilizobanana. Kijijini nyumba zimetawanyika vilimani, na wenye kulipa ni wachache. Kwa hiyo mwenye kufanya hesabu ya fedha peke yake atapita kijiji kila siku.

Hayo si ya Kivu tu. Njia ya Inga mpaka Kolwezi, iliyomalizika mwaka 1982, ina urefu wa kilometa 1,700 hivi. Ilijengwa kupeleka umeme kwenye migodi ya shaba, ikapita juu ya vijiji vingi visivyo na taa hata moja.

Kwa nini umeme hukatika

Hata aliyefungiwa waya hana hakika ya taa. Sababu ya kwanza ni uhaba. Bukavu ya mwaka 1959 ilikuwa mji mdogo. Leo yahesabiwa kuwa na watu zaidi ya milioni moja, nao hunywea kisima kile kile. Watu wakidai nguvu kuliko zilizopo, mashine hulemewa na kujizima zenyewe. Ili kuzuia hayo, wasimamizi huzima mtaa mmoja wawashe mwingine. Hiyo ndiyo delestaji, nayo mara nyingi huanza mwishoni mwa waya.

Sababu ya pili ni radi. Uchunguzi wa vyombo vya angani uliotangazwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba milima ya Kongo ya mashariki yapigwa na umeme wa mbingu kuliko mahali pengine pote Afrika. Tena nguzo za miti huoza, na wezi hukata waya. Mwezi wa Februari 2025 vita vilishuka kwa barabara yetu hii mpaka Bukavu. Penye risasi fundi hapandi nguzo.

Sababu ya tatu yatuhusu sisi wenyewe. Chupa za plastiki na takataka zitupwazo milimani na mitaani husombwa na mvua mpaka ziwani. Upepo na mkondo huzipeleka kwenye mlango wa Ruzizi, ambapo huziba njia ya maji ya mtambo. Wapiga mbizi huzama kuzitoa kwa mikono. Anayetupa chupa mtaroni leo asishangae taa ikizimika kesho.

Gharama ya giza

Giza lina bei yake. Hospitali isiyo na umeme yanunua mazuti ya jenereta kwa fedha ambayo ingenunua dawa. Mama hupika kwa makala, na miti ya makala hukatwa hata katika msitu wa Kahuzi-Biega, uliofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1970. Msitu huo ndio unaotunza vijito vinavyoshuka kuingia ziwani. Basi kila gunia la makala lapunguza kidogo chemchemi ya umeme wenyewe.

Njia ya kutoka ipo. Sheria ya mwaka 2014 iliondoa haki ya SNEL ya kuwa peke yake, na mwaka 2015 huko Rutshuru mtambo wa Matebe, uliojengwa na watunzaji wa hifadhi ya Virunga, ulianza kuuza umeme vijijini. Mwaka 2019 serikali tatu zilitia sahihi mapatano ya kujenga Ruzizi III, mtambo unaotazamiwa kutoa megawati 206. Wazee wetu hawakuulizwa neno mwaka 1959. Sisi tunaweza kuuliza mapema, kwa wakubwa wa eneo na kwa wajumbe tuliowachagua: katika megawati hizo, ni ngapi zitakazoshuka kutoka juu ya vichwa vyetu na kuingia nyumbani?